Sahihi Mbili, Godoro Moja

Mkataba uliwakataza wapangaji kupandisha makochi kwa lifti baada ya saa kumi na mbili jioni. Kifungu kilichofuata kiliwataka waegeshe gari moja tu kwa kila nyumba, kwenye ghorofa iliyo chini ya ardhi, na cha tatu kiliwaonya wasiingie kwenye kidimbwi cha kuogelea kabla ya kuoga. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili vyenye paa la mabati, katika ploti ya nyumba nane zinazotazamana nyuma ya soko la Shianda, si mbali na barabara ya Kakamega kwenda Mumias. Bomba ni moja, liko uani, na lina saa zake. Mwenye ploti, mzee ambaye kila mtu anamwita Haji, alikuwa ameenda sayba kutafutiwa "mkataba wa nyumba", na kijana wa sayba akamchapia wa kwanza aliokutana nao kwenye intaneti, bila shaka uliozaliwa Kilimani au Westlands, Nairobi. Haji alilipia kurasa zote mbili. Hakuona sababu ya kufuta kitu alichokinunua.

Lifti haikumdhuru mtu. Kilichokuja kuwatoa watu jasho kilikuwa mwisho wa ukurasa wa pili, palipoandikwa "Mpangaji wa Kwanza" na "Mpangaji wa Pili", na watu wawili waliokuwa wakipendana wakatia sahihi kwa kalamu moja, wakipokezana huku wakicheka. Palipotakiwa kuandikwa muda wa mkataba, kuanzia lini hadi lini, palibaki vistari vitupu. Mapenzi hayakuwa na tarehe ya mwisho, na kijana wa sayba alikuwa na wateja wengine.

Tuwaite Mwalimu na Sista, kwa kuwa pale plotini hawakuwa na majina mengine. Mwalimu hufundisha Hisabati katika shule ya kutwa. Mwenzake ni muuguzi. Walihamia pamoja bila mahari, bila pete na bila wazee kukaa, mtindo ambao Wakenya huuita njoo-tuishi. Kodi ilikuwa 4,500 kwa mwezi, nusu kwa nusu. Dipoziti, nayo 4,500, ililipwa na Sista kwa M-Pesa kwa sababu siku hiyo mshahara wa Mwalimu ulikuwa bado njiani.

Wakaachana mwishoni mwa Oktoba 2024. Sababu haituhusu, na hata ingetuhusu, uani kuna matoleo matatu na yote yana mashahidi. Ilikuwa Jumamosi, na Mwalimu alikuwa Malava kwenye mazishi ya baba wa mwalimu mwenzake. Aliporudi jioni, viatu vimejaa matope ya mvua ya alasiri, alikuta nyumba imegawanywa kwa kanuni ambayo, pamoja na shahada yake, ilimchukua muda kuifumbua. Televisheni ilikuwepo, dekoda haikuwepo. Meko ya gesi ilikuwepo, mtungi haukuwepo. Sufuria zilibaki, vifuniko vimekwenda. Godoro lilikuwa kitandani, uchi, bila shuka. Baadaye ndipo alipong'amua: Sista alikuwa amepitia jumbe zake za M-Pesa, akabeba kila alichokilipia yeye mwenyewe, wala hakuzidisha kijiko. Godoro walilichangia sawa kwa sawa. Ndiyo maana lilibaki. Halikuwa la mtu.

Wiki za kwanza Mwalimu alijitetea kwa zamu ya usiku. "Sista yuko naiti," alimwambia mama wa mboga, akamwambia Keateka, mwangalizi wa ploti, akawaambia watoto wa Keateka. Ulikuwa uongo mzuri, wenye heshima, na ungeweza kufika Krismasi. Ulikufa asubuhi moja kwenye foleni ya maji, pale jirani aliyetoka kliniki na mtoto mgongoni aliposema kwa sauti ya kawaida kwamba Sista ndiye aliyempima mtoto uzito, saa nne mchana, na kwamba amenenepa. Hakufafanua ni nani aliyenenepa.

Tarehe tano Novemba Mwalimu alimtumia Haji shilingi 2,250. Simu ikalia papo hapo.

"Mwalimu, umenitumia nusu ya nyumba."

"Nusu nyingine ni ya Sista, Haji. Tulikubaliana hivyo."

"Mlikubaliana wawili. Mimi nilikubaliana na nyumba nzima."

Jioni Keateka akabisha hodi. Mkononi alikuwa na kufuli jipya, bado limo kwenye pakiti yake. Alisimama mlangoni kwa adabu, akavua kofia, akauliza: "Mwalimu, Haji ameniambia nije unionyeshe chumba ulicholipia, nifunge kile kingine." Mwalimu alitazama chumba cha kulala, akatazama sebule, ambayo pia ndiyo jiko. Akaanza kuwaza kwa dhati. Chumba cha kulala kilikuwa na kitanda, lakini mlango wa kutokea nje ulikuwa wa sebuleni. Akilipia sebule atalala sakafuni. Akilipia chumba cha kulala atakuwa akiingia kwa dirisha, na dirisha lina vyuma. Keateka alingoja. Hatimaye Mwalimu aliingia ndani, akatoka na simu, akatuma 2,250 nyingine. Keateka akarudisha kofia kichwani na kulipeleka kufuli dukani lirudishiwe hela.

Haji alikuwa na haki ya kodi, ila si ya kufuli. Watu wawili wakitia sahihi pamoja kama wapangaji, kwa kawaida kila mmoja hubeba deni lote, si nusu yake. Mwenye nyumba anaweza kumfuata yeyote kati yao, na akili humwelekeza kwa yule ambaye bado yuko, maana hahitaji nauli ya kumtafuta. Makubaliano ya nusu kwa nusu ni ya wao kwa wao. Aliyelipa yote ndiye amdai mwenzake. Kuhusu kufuli, kung'oa mlango na kuezua mabati, mambo ambayo wenye nyumba wengi Kenya huyaona kuwa ni utaratibu wa kawaida wa malimbikizo, sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, sura ya 293, haiwapi ruhusa hiyo. Mali hukamatwa na dalali mwenye leseni, na hata yeye kuna vitu asivyogusa: nguo za mtu, matandiko yake na zana za kazi yake. Yaani dalali angefika pale siku ile, angeacha godoro, chaki na rula kubwa ya pembetatu, na kuondoka na televisheni isiyo na dekoda.

Katika chumba cha walimu kulikuwa na wakili. Kila shule inaye mmoja. Hakusomea sheria, alifundisha Historia, lakini alikuwa na uhakika. "Mmekaa miaka miwili," alimwambia Mwalimu, "hiyo ni ndoa. Hawezi kuondoka hivi hivi. Kuna kesi ya Mahakama ya Juu."

Kesi ipo kweli, ila alikuwa ameisikia kwa redio ya matatu. Mnamo 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua mzozo wa mwanamke na mwanamume wanaotajwa kwenye jina la kesi kwa herufi, MNK na POM, walioishi pamoja Dagoretti, Nairobi, tangu 1986. Majaji walikataa kuwahesabu kuwa mume na mke. Walisema dhana ya ndoa itumike kwa uchache sana: anayedai kuwa ipo ndiye aithibitishe, na lazima ionekane kwamba wahusika walikuwa na uwezo na nia ya kuoana, wakaishi pamoja kwa muda mrefu, wakajitambulisha mbele za watu kama wanandoa. Nyumba ya Dagoretti waliigawa hata hivyo, asilimia 70 kwa mwanamke na 30 kwa mwanamume, kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, kisha wakaliomba Bunge lifikirie kutunga sheria ya watu wanaokaa pamoja bila kuoana. Sasa, mtu aliyegawana nyumba yake mwenyewe Dagoretti ana jambo la kupeleka kwa majaji. Aliyegawana vyumba viwili vya Haji ana godoro.

Kesi iliyomfaa Mwalimu zaidi ilikuwa mbali, na wakili wa chumba cha walimu hakuwahi kuisikia. Bwana Monk na Bi. Powell walikuwa wamepangishwa nyumba na baraza la Hammersmith, London, kwa mkataba wenye majina yao yote mawili, wa kulipia wiki kwa wiki. Mwaka 1988 wakakosana. Bi. Powell akahama, akaliandikia baraza notisi ya wiki nne peke yake, bila kumwambia mwenzake. Je, sahihi moja inaweza kuvunja mkataba wa watu wawili? Shauri likapanda hadi Nyumba ya Mabwana, mahakama ya mwisho ya Uingereza wakati huo, na mwishoni mwa 1991 mabwana wakajibu: inaweza. Mkataba wa kulipia kipindi kwa kipindi huendelea kwa sababu wote wanataka uendelee. Mmoja akiacha kutaka, umekwisha kwa wote wawili. Bwana Monk akajikuta hana nyumba kwa barua ambayo hakuiandika. Hukumu za Uingereza haziwafungi majaji wa Kenya, ingawa huzisoma kwa heshima.

Na mkataba wa Haji, kwa sababu ya vile vistari vitupu, ulikuwa wa kipindi kwa kipindi kama ule wa Hammersmith. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 57, inasema mkataba usiotaja muda wala notisi huhesabiwa kwa vipindi vya kulipa kodi. Kodi ikiwa ya mwezi, mkataba ni wa mwezi, na wa kuuvunja hutoa notisi isiyopungua mwezi. Sista angeweza kumwandikia Haji mistari miwili na kumwacha Mwalimu barabarani. Alichoandika ni ujumbe wa simu: "Asalaam aleikum Haji, mimi nimetoka." Haji alidhani ametoka kazini. Akajibu, "Pole na kazi, mwanangu."

Hapo ndipo stima ilipokwisha.

Ilikuwa Jumapili usiku, mwanzoni mwa Desemba. Mita ililia, taa zikazimika, Mwalimu akanunua tokeni ya shilingi 200, akapokea tarakimu zake 20, akazibonyeza kwenye kile kidude cha ukutani. Kikakataa. Akarudia polepole, kama anayemfundisha mtoto. Kikakataa tena. Hakujua kwamba tarehe 24 Novemba 2024 ilikuwa siku ya kiama ya mita za tokeni duniani kote. Mfumo unaotumiwa na mita hizo huhesabu dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa siku hiyo. Mita ambayo haijapewa namba za kuianzishia hesabu mpya haitakubali tokeni yoyote. Kenya Power ilitangaza kwa miezi: ukinunua tokeni utapata namba tatu badala ya moja, bonyeza mbili za kwanza kurekebisha mita, kisha ya tatu ndiyo umeme wenyewe. Namba hizo zilikuwa zimetumwa. Zilitumwa Oktoba, kwa aliyenunua tokeni Oktoba.

Mwalimu alikuwa amemfungia Sista kwenye simu. Akamfungua. Betri ilikuwa asilimia sita. Alifikiria kupiga namba ya huduma ya kampuni na kungoja wimbo wao uishe, akaitazama tena ile sita, akaandika: "Naomba tokeni." Hakuna salamu, hakuna jina. Jibu lilikuja baada ya muda ambao Mwalimu hawezi kuujua kwa kuwa aliogopa kuiwasha skrini: ujumbe ule wa Oktoba, umesambazwa jinsi ulivyo, nao bila salamu. Tarakimu 60.

Alimwita mtoto wa Keateka amsomee. Mtoto alikuwa darasa la nne, anasoma vizuri, isipokuwa alikuwa na mazoea ya kusimama kila baada ya tarakimu tatu na kuuliza kama amesoma vizuri. Mama yake akaja kushika tochi. Jirani wa kliniki akaja kuona kuna nini. Seti ya kwanza ikakubali, uani wakashangilia. Ya pili, mtoto aliruka sifuri, wakaanza upya. Simu ilipofika asilimia mbili yule jirani aliandika seti ya tatu kwa kiwi ya viatu kwenye ukuta wa Haji, juu ya meza, tarakimu kubwa kubwa za kusomeka gizani. Taa zikawaka. Watu wakatazamana, wakatazama nyumba isiyo na dekoda wala vifuniko vya sufuria, na zamu ya usiku ikazikwa rasmi.

Seti ile ya tatu ilikuwa ya shilingi 1,000. Mwalimu hakuwa amefikiria hilo. Asubuhi akakuta ujumbe wa pili, na huo ulikuwa na salamu: "Habari ya asubuhi. Hiyo ni elfu moja yangu. Pamoja na dipoziti ni 5,500." (Januari shule zilipofunguliwa aliwafanyia Kidato cha Tatu hesabu ya mita ubaoni: mbili kwa kipeo cha 24 ni dakika 16,777,216, gawanya kwa dakika za siku, ndiyo miaka karibu 32. Wanafunzi wanasema halijawahi kufundishwa somo la vipeo kwa uchungu kama ule.)

Dipoziti ndiyo iliyokuwa donda. Sista alitaka hela zake. Mwalimu alisema dipoziti iko kwa Haji. Haji alisema dipoziti hutoka nyumba ikitoka, na nyumba haijatoka, anaiona kutoka barazani kwake. Kila mmoja wao alikuwa sahihi, na hiyo ndiyo kero ya dipoziti za Kenya. Dar es Salaam, ambako wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, walioachana hugombania miezi iliyokwisha kulipiwa lakini bado haijafika. Angalau hiyo hupungua kila mwezi hadi ikaisha yenyewe. Dipoziti haipungui. Inakaa pale pale, ikimngoja aliyekwenda.

Sista alipoomba risiti, Haji alipata kikohozi. Nyumba nane za 4,500 ni 432,000 kwa mwaka, na mapato ya kodi za makazi yakishavuka 288,000 huingia kwenye ushuru wa KRA, mamlaka ya mapato, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5. Mtu asiyependa risiti huwa na sababu zake. Lakini ujumbe wa M-Pesa ulikuwepo, una jina la Haji, saa na senti, na Sista alitaja ile Mahakama ya Madai Madogo iliyoanza kazi Milimani mnamo Aprili 2021, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hutakiwa kumaliza ndani ya siku 60. Haji alisikia neno mahakama, akageuza uso kuelekea Mumias.

"Mahakama?" alisema. "Mwanangu, hukuona ya kiwanda?"

Hakuna mtu wa Shianda asiyeiona. Kiwanda cha sukari cha Mumias kiliwekwa chini ya mrasimu na benki ya KCB mnamo Septemba 2019 kwa madeni. Desemba 2021 kikakodishwa kwa miaka 20 kwa kampuni ya Sarrai ya Uganda. Kampuni ya sukari ya West Kenya, ya hapa hapa Kakamega, ilikitaka pia, ikaenda kortini. Na wenye kampuni hizo mbili ni ndugu wa familia moja ya Rai. Aprili 2022 Mahakama Kuu ikaufuta mkataba. Sarrai ikabaki mlemle ikisaga miwa, kesi zikapanda na kushuka. Haji aliizingatia sana habari hiyo. Alichojifunza ni kwamba karatasi hufutwa na mpangaji hubaki, na kwamba ndugu wakigombania nyumba mwenye nyumba akae kimya.

Desemba hiyo hiyo Mwalimu alijaribu dawa ya wengi: alimleta mpwa wake washirikiane kodi. Sheria ya Ardhi humtaka mpangaji apate ridhaa ya mwenye nyumba kabla ya kumwachia mwingine nafasi, na Haji aliitoa kwa nyongeza ya shilingi 300 za maji. Mpwa alikuwa kijana mchangamfu, anayetafuta kazi. Alikula. Mwezi ulipoisha alichangia ushauri. Akarudishwa Butere na nauli juu.

Ndipo senje wa Sista alipokuja.

Senje, kwa Waluhya, ni shangazi, ndugu wa baba, na akija kwa shughuli ya bintiye haendi na maneno mengi. Anakuja na mkoba. Alifika Jumamosi ya Januari kwa bodaboda, Sista nyuma yake kwa nyingine, akaketi kwenye kiti pekee, akanyamaza. Wote walielewa. Senje hazungumzi mambo ya mali mbele ya sukumawiki. Kuku akanunuliwa, na kwa kuwa meko haikuwa na mtungi, alipikwa kwenye jiko la makaa la mke wa Keateka, katika sufuria iliyofunikwa kwa sinia. Sista alilitazama lile sinia. Hakusema neno, lakini jirani wa kliniki anaapa kwamba alitabasamu.

Baada ya kunawa, Haji aliitwa. Alifungua kwa rangi: ukuta una tarakimu za kiwi na matundu ya misumari, atakata 800.

"Unapaka lini?" senje akauliza.

"Nyumba ikitoka."

"Inatoka?"

Haji alimtazama Mwalimu, Mwalimu akatikisa kichwa.

"Basi unapaka rangi nyumba yenye mtu?" senje akasema. "Utampaka na yeye?"

Rangi ikaondolewa. Mwalimu akageuza karatasi ya mtihani wa majaribio, akaandika nyuma yake. Sista anadai dipoziti 4,500 na tokeni 1,000. Aliondoka bila notisi, kwa hiyo Novemba inamhusu, nusu yake 2,250. Zinabaki 3,250. Senje alizikagua hesabu hizo kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akauliza nauli iko wapi. Nauli ikawa 200. Mwalimu akalipa 3,450, na dipoziti iliyoko kwa Haji ikawa yake. Senje akamkumbusha: "Na ya kutolea." Akaongeza ya kutolea.

Likabaki godoro. Sista hakulitaka, Mwalimu, baada ya kulilalia miezi miwili akisema ni la kwake, ghafla hakulitaka pia. Keateka, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote kwa sababu mapaja yalikuwa bado hayajaisha, alikohoa na kutoa 2,000. Elfu moja huku, elfu moja huku. Alilibeba kichwani kabla mtu hajabadili nia, na jirani wa kliniki akaandika bei.

Mkataba nao ulihitaji kuzikwa. Kukata jina moja kwa kalamu huacha maswali; njia safi ni kuufunga ule wa zamani kwa maandishi, wote watie sahihi, kisha uandikwe mpya kwa jina la anayebaki, utaje dipoziti sasa ni ya nani. Haji alikubali yote hayo ila alikataa kurudi sayba. Mpya uliandikwa kwa mkono kwenye daftari la mazoezi, mistari minane: kodi, tarehe, notisi ya mwezi mmoja, dipoziti ya Mwalimu. Senje alitia sahihi kama shahidi, kwa herufi kubwa, akauliza kama kuna mchuzi uliobaki.

Sista amepanga Mumias sasa. Mwenye nyumba wa huko ni mwangalifu. Alitaka namba ya mtu aliyewahi kuishi na mpangaji wake, na Sista, kwa sababu anazozijua mwenyewe, akampa ya Mwalimu. Simu ilipigwa saa moja asubuhi, Mwalimu akiwa na chai mkononi. Analipa kodi kwa wakati? Analipa. Ana kelele? Hana. Vitu vya watu anavitunza? Mwalimu alifikiri, akasema Sista hajawahi kuchukua hata kijiko kisicho chake. Kuna mtu anaishi naye? Kwa ujuzi wake, hapana. Mwenye nyumba akashukuru, akataka kukata, lakini Mwalimu akamwahi: kodi ya huko ni shilingi ngapi, na je, maji yamo?